Chupa ya Mwezi wa Tisa

Kabla hamjaanza kuwasimulia watumishi wapya habari zangu kwa namna yenu, nimeona niandike mwenyewe. Mimi ni mtu wa darasa la saba. Sentensi zangu ni fupi, na mkikuta ndefu mjue nilisahau kuweka nukta. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini. Anayetaka habari hizo atazimaliza akiwa bado amesimama mlangoni. Nitaeleza mvua, vumbi, sinia la chuma, na chupa moja ya Mikumi iliyoleta magari mawili ya wataalamu hadi uani kwa mama mkwe wangu.

Nilianza kazi kituo cha hali ya hewa cha Kilosa kama mfyeka nyasi. Babu yangu alikuja kutoka Unyamwezini kukata mkonge Kimamba, baba akafanya kazi ya reli, na mimi nikawa mtu wa kwanza kwetu kuajiriwa ili kutazama juu. Watu wa stesheni hawakuniacha. Nikipita na fyekeo langu walisema, "Huyo anakwenda kulinda mawingu yasiibiwe."

Mkuu wa kituo alikuwa Mzee Chibwana, mtu mfupi, mkavu, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kuchimba choo. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba," akaninusa, akaniuliza, "Umejipaka nini kichwani?"

"Mafuta ya nazi, mzee."

"Rudi nyumbani ukaoge. Hapa tunapima vitu vidogo kuliko harufu yako."

Nikarudi, nikaoga, nikaja tena. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote ya siku ya kwanza.

Siku ya pili alinionyesha sinia. Ninyi mmelikuta limestaafu kabla yangu, limegeuzwa la kuanikia nyanya, kwa hiyo nitalieleza. Lilikuwa sinia pana la chuma kisichoshika kutu, limeinama kuelekea katikati, na katikati pana tundu lenye mrija ulioshuka ndani ya chupa ya plastiki nyeupe. Lilikaa juu ya nguzo ndani ya uzio wa waya, mbali na miti na mapaa. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwenye chupa. Mvua isiponyesha, vumbi linatua kwenye sinia, na mwisho wa mwezi unalisuuza kwa maji maalumu yaliyoletwa kutoka maabara na kuyakusanya kwenye chupa yake tofauti. Pembeni palikuwa na pampu iliyonyonya hewa kupitia karatasi nyeupe ya duara. Karatasi ikiingia nyeupe ilitoka kijivu, na wakati wa kuchoma miwa kule Kidodi na Ruaha, upepo ukigeuka, ilitoka kama imepita jikoni kwa mtu.

Nilimuuliza Mzee Chibwana tunapima nini. Alifikiri kidogo, kwani hakupenda kujibu haraka.

"Mataifa makubwa yalijaribu mabomu yao hewani," akasema. "Vumbi lake lilipanda juu sana, juu kuliko mawingu haya. Likazunguka dunia. Mpaka leo linashuka kidogo kidogo, na mvua ndiyo inayolishusha. Halina harufu, halionekani. Sasa watu wa nchi nyingi wamekubaliana kupima kila mahali, wajue limeshuka kiasi gani, na kama linaharibu kitu."

"Linaharibu nini, mzee?"

"Mbegu. Chukua punje ya mahindi, uipitishe motoni kidogo. Huenda ikaoza. Huenda ikaota vizuri. Na huenda ikaota imepinda, na watoto wake wakapinda. Mionzi mingi inafanya hivyo, wameshaona. Wanachotaka kujua ni kama hii kidogo ya kwenye vumbi nayo inafanya, kwa mimea, kwa wanyama na kwa watu."

"Na sisi tuko ndani ya hesabu hiyo?"

"Unapumua?"

"Ndiyo."

"Basi umo."

Alinifundisha kulikaribia sinia kutoka upande ambao upepo hautanisukumia vumbi langu mbele. Alinifundisha kunawa kwanza, kutazama pili, kuandika mwisho. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, lakini alivuka reli kwenda kuvutia upande wa pili, hata mvua ikinyesha. Nilimwona mara nyingi amesimama kule chini ya mwavuli, moshi unatoka pembeni kama garimoshi dogo lililopotea njia. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

Wenyeji walikuwa na maelezo yao. Mwaka mmoja mvua za vuli zilichelewa, wakaja wakulima watatu, heshima zote, wakasalimia, wakaketi. Mkubwa wao akasema, "Mzee Chibwana, tumesikia mnaichukua mvua yetu kwa chupa mnaipeleka Ulaya."

Mzee akasema, "Ni kweli. Chupa moja. Nyingine zote tumewaachia."

Wakatazamana. Yule wa mwisho, ambaye kwao ni kijiji kile kiitwacho Ulaya, njiani kwenda Mikumi, akasema kwa uchungu, "Mbona kwetu haijafika?" Tulicheka hadi Mzee akavuka reli.

Hizo zilikuwa siku za mwanzo za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Ninyi hamkumbuki maduka yalivyokuwa kabla yake, kwa hiyo hamwezi kujua furaha ya kuingia dukani ukakuta sabuni za aina tatu ukashindwa kuchagua. Mitumba ilifika, mabasi ya watu binafsi yakafika, redio kubwa za mikoba zikafika. Pamoja na hayo zikafika habari za mtambo wa nyuklia uliolipuka huko mbali, na wingu lake lililotembea juu ya nchi za watu. Watu wakaanza kuyatazama maziwa ya unga ya madukani kama wanavyomtazama mgeni asiyesema kwao ni wapi. Mradi wetu ukaongezewa nguvu. Ikaamuliwa pawe na sinia la pili, upande wa pili wa milima, karibu na mbuga na mbali na moshi wa mji. Ikaamuliwa Mikumi.

Hapo lazima niwatambulishe kwa mama mkwe wangu.

Mama Asia alikuwa mjane. Ruksa ilipokuja alijenga gesti ya vyumba sita kando ya barabara kuu, na mbele yake mgahawa wa wali na nyama kwa madereva wa malori. Alijulikana kutoka Morogoro hadi Iringa kwa mambo mawili: pilau yake, na kwamba hakuna dereva aliyelala kwake akaibiwa hata kitana. Mradi ulitafuta ua uliozungushiwa uzio na mtu mwaminifu. Mzee Chibwana akasema, "Mwaminifu namjua mmoja tu, na bahati mbaya ni mkwe wa huyu mfyeka nyasi." Sinia la pili likasimikwa nyuma ya gesti.

Akafundishwa na wataalamu wenyewe. Nami nilikuwapo, lakini mnajua mambo ya mkwe. Nilikaa kando, nikatazama chini, nikajibu nilipoulizwa. Chakula nililetewa peke yangu barazani. Kumwambia mama mkwe, "Mama, rudia, nione kama umeelewa," kwetu ni jambo ambalo ulimi wenyewe unalikataa. Chupa zake pia hazikupita kwangu. Mabasi yote ya Dar es Salaam yanapita Mikumi, kwa hiyo mwisho wa mwezi alimkabidhi kondakta, na chupa ikaenda maabara moja kwa moja. Za Kilosa zilipanda treni.

Vita vyake vilikuwa na nyani. Nyani wa Mikumi wanajua barabara kuliko polisi, na mmoja mkubwa aliamua kwamba sinia ni beseni lake la kuogea. Mama Asia alimfukuza kwa mwiko, kwa jiwe, kwa maneno. Alimwambia, "Mshenzi wee, hii ni mvua ya serikali!" Alituma ujumbe Kilosa kuuliza kama mwezi ambao nyani ameoga unahesabiwa. Maabara ikajibu kwamba mwezi huo usihesabiwe, tena ikamshukuru kwa kusema ukweli. Jibu hilo alilisimulia kwa kila dereva.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sipendi kulisema kwa urefu.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa hospitali ya Kilosa, mvulana, tukamwita Rajabu. Mgongo wake haukuwa umefunga vizuri. Aliishi siku chache. Alikuwa na nywele nyingi na alishika kidole changu kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Tulimzika upande wa mlimani, mahali ambapo honi za treni zinasikika.

Kilichofuata mnaweza kukikisia. Jirani mmoja alisema ni sinia: kila siku naligusa, kisha narudi nyumbani namgusa mke. Shangazi alisema ni jicho la mtu. Mganga wa ng'ambo ya mto Mkondoa alisema ni deni la mababu wa upande wangu, akaeleza hadi ukoo nisioujua. Kila mmoja alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Mke wangu Asia aliwasikiliza wote. Hakulia mbele yao. Usiku, kabla ya kulala, aliniuliza tu, "Baba Rajabu, ni mvua?" Nami nikasema sijui. Nikamuuliza Mzee Chibwana. Naye akasema hajui, lakini atauliza.

Watu waliacha kuniita Baba Rajabu, nadhani kwa huruma. Mzee Chibwana hakuacha. Kila asubuhi: "Baba Rajabu, sinia lina nini?" Ilinichukua muda kufahamu kwamba alikuwa ananifanyia wema.

Asia alipopata mimba ya pili, furaha yetu ilitembea kwa kunyata. Maneno ya majirani yakaanza upya. Mwaka huo, mwezi wa kumi na moja, akasema anakwenda kwa mama yake Mikumi hadi ajifungue. Nikamkumbusha kwamba kule nako kuna sinia.

"Lipo," akasema, "lakini halina majirani."

Nikampeleka. Njiani basi lilipopita Ulaya alicheka kidogo, akasema, "Sasa nimefika Ulaya." Nilifurahi kumsikia.

Haukupita muda mrefu, siku moja ya kazi, magari mawili yakaingia kituoni Kilosa. Walishuka Daktari Neema, mama wa makamo aliyesimamia maabara ya mradi, miwani imefungwa kamba shingoni, na mtaalamu wa kutoka ng'ambo, mrefu sana, ambaye Mama Asia baadaye alimwita Bwana Mrefu, na hilo ndilo jina ninalolikumbuka. Daktari alimsalimia Mzee, akakaa, akasema bila kuzunguka: chupa ya Mikumi ya mwezi wa tisa ilikuwa imepimwa na kuonyesha mionzi kupita kiasi kinachotarajiwa kwenye mvua. Mara nyingi zaidi ya chupa za miezi mingine. Nchi jirani hazikuona kitu. Kilosa haikuona kitu. Ni Mikumi tu.

Mzee Chibwana alinitazama. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu.

"Mke wa huyu yuko Mikumi," Mzee akasema. "Nyumba hiyohiyo. Ana mimba."

Daktari Neema alivua miwani. "Basi twende wote," akasema.

Safari ile ya vumbi sikuisikia. Nilichofikiri ni kwamba tulikuwa tumemtoa Asia kwenye maneno tukampeleka kwenye kitu chenyewe.

Tulipofika, Mama Asia alituona tunashuka, watu wanane pamoja na wasaidizi, na vyombo, akapiga kelele jikoni, "Ongezeni mchele!" Kisha akaja kusalimia.

"Shikamoo mama," nikasema, nimeinama.

"Marahaba baba. Mbona umekonda? Na hawa wote wageni wangu?"

"Wa mradi, mama."

"Karibuni, karibuni. Huyu mrefu atakaa wapi, viti vyangu ni vya watu."

Wakaanza kazi. Bwana Mrefu alizunguka ua mzima na kipimo chenye kulia tik, tik, tik, polepole kama saa ya msikitini. Walipima udongo, wakapima paa, wakapima majani ya mgomba, wakapima maziwa ya mbuzi. Walipima sinia. Kila mahali tik, tik ileile ya kawaida. Nyani walikaa juu ya uzio wakitazama kama watu waliolipia kiingilio. Asia alisimama mlangoni, mkono juu ya tumbo, anafuata kile kipimo kwa macho. Kila kilipotulia mahali, naye aliacha kupumua.

Hawakupata kitu. Jua likawa kali. Mama Asia akatangaza kwamba hakuna kipimo kinachofanya kazi na njaa, na chakula kikaletwa. Wageni waliwekwa mezani, mimi barazani, hatua chache tu, nikisikia kila neno.

Bwana Mrefu alikula pilau hadi akalegeza mkanda. Daktari Neema akala kidogo, akanawa, kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeanzisha mazungumzo tu:

"Mama, mwezi wa tisa mvua ilinyesha siku gani hapa?"

"Mvua?" Mama Asia akasema. "Mwezi wa tisa? Mwanangu, mwezi wa tisa hapa hata jasho halidondoki."

Daktari akavaa miwani yake.

"Lakini chupa yako ilikuja imejaa."

"Ndiyo. Niliijaza."

"Uliijaza kwa maji gani, mama?"

"Ya kisima. Ulitaka nichote mtoni nikupe uchafu? Tena niliyachuja kwa kitambaa kipya."

Daktari Neema aliweka mikono yote miwili juu ya meza. Mzee Chibwana alikohoa, akatafuta sigara mfukoni, akakumbuka sinia, akairudisha.

"Mama," Daktari akasema, "kwa nini uliijaza?"

Hapo mama mkwe wangu alishangaa kwelikweli. Aliwatazama mmoja mmoja, wasomi watupu, kama amewakuta wanakula kwa mguu.

"Mtu kaniletea chombo chake," akasema. "Safi, kimefungwa vizuri, kimetoka mbali. Nimrudishie kitupu? Mimi sikulelewa hivyo. Miezi mingine mvua ilinisaidia, hata kwa manyunyu. Mwezi wa tisa haikunisaidia, nikafanya kama ambavyo ningefanya kwa jirani yeyote. Kwani ninyi kwenu mnarudisha bakuli la watu tupu?"

Aliyeanza kucheka ni Daktari Neema. Alicheka hadi miwani ikaanguka kwenye pilau. Alipomtafsiria Bwana Mrefu, yule naye alisimama, akamshika Mama Asia mkono kwa mikono yake miwili, akasema Kiswahili chake chote kwa mpigo mmoja: "Asante sana sana mama chakula kizuri." Mama Asia akasema, "Huyu naye kachanganyikiwa." Hata mimi barazani nilicheka, ingawa mbele ya mkwe haifai.

Asia hakucheka. Alitoka mlangoni akaja hadi mezani.

"Daktari," akasema, "maji ya kisima ndiyo ninayokunywa."

Kicheko kikakatika. Daktari Neema akavuta kiti, akamkalisha karibu naye.

"Sikiliza, mwanangu. Maji ya kisima yamekaa na mawe chini. Mawe yote yana mionzi kidogo, tangu dunia iumbwe, na maji yanaibeba. Mvua haijakaa na mawe, ndiyo maana haina. Kwa hiyo kiasi kile kwa mvua ni kikubwa, kinatutisha. Kwa kisima ni kidogo, ni cha visima vya watu wote. Nitayapima tena yenyewe nikuletee jibu, usinichukulie kwa maneno tu. Lakini mama, naomba glasi ya maji yako."

Ikaletwa. Akainywa yote mbele ya Asia, taratibu, akaweka glasi chini.

Nilidhani yameisha. Lakini Asia hakuinuka.

"Na mtoto wangu wa kwanza?" akasema. "Rajabu. Mgongo wake haukufunga. Wanasema ni mvua ya Kilosa. Mume wangu anaigusa kila siku."

Nakumbuka lori lilipita barabarani na Daktari akalisubiri liishe.

"Mvua ya Kilosa nimeipima mwenyewe kila mwezi," akasema. "Sijaona ndani yake kitu ambacho ningekiogopa kwa mtoto wangu. Hilo naweza kulisema. Na mumeo hagusi kitu usichokigusa wewe ukianika nguo. Lakini ukiniuliza basi ni nini kilichompata Rajabu, sijui. Watoto wa namna hiyo huzaliwa kila nchi, kwa maskini na kwa matajiri. Kuna wenzangu wanaotafuta sababu miaka yote. Mara nyingine wanaipata. Yako siijui."

"Hujui."

"Sijui, mama. Pole sana."

Asia aliitikia kwa kichwa. Akasema, "Ahsante," akakusanya sahani akaingia jikoni. Mzee Chibwana alinyanyuka, akavuka barabara kuu, tukamwona upande wa pili kati ya malori anavuta sigara, ametupa mgongo.

Jioni ile, magari yalipoondoka, Mama Asia alimpa Daktari bakuli kubwa la udongo lenye pilau ya njiani. Mimi nilibaki hadi kesho yake. Tulikaa nyuma ya gesti, Asia na mimi, tukitazama sinia.

"Unajua," akasema, "watu wote walinirudishia chombo kimejaa. Jirani kajaza, shangazi kajaza, mganga kajaza mpaka pomoni. Na yote yalikuwa ya kisima. Huyu daktari kanirudishia kitupu. Kizuri, kisafi, kitupu. Nimeweza kukibeba."

Tangu siku ile hakuniuliza tena kama ni mvua. Akala, akanenepa, akagombana na nyani. Jibu la kisima likaja kwa mdomo wa Daktari mwenyewe, akipita kwenda Iringa: maji ni mazuri, wanywe. Mwezi wa nne, masika ikiwa imekaza, alizaliwa binti. Mkunga alimgeuza mgongo, akampitishia kidole kutoka shingoni hadi kiunoni, taratibu, huku mimi nimesimama mlangoni siruhusiwi kuingia. Kisha akapaza sauti ili nisikie: "Umefunga kama zipu!" Tulimwita Mariamu. Chupa ya Mikumi ya mwezi ule ilijaa na kufurika, na ilikuwa mvua tupu.

Bakuli la Mama Asia lilirudi baada ya miezi kadhaa, kwa basi, limefungwa kwa gazeti na kamba. Ndani yake palikuwa na tende. Mama Asia alilipindua, akaligonga kuona kama halijapata ufa, akasema, "Haya. Sasa huyu amesoma."

Kuhusu chupa alielekezwa upya, na safari hii nilielekeza mimi, nikitazama chini, kupitia kwa Asia aliyekaa kati yetu kama mkalimani. Alisikiliza. Hakuridhika. Mwezi mkavu uliofuata alituma chupa tupu, lakini kondakta alisema alikuwa ameiomba radhi kabla ya kuifunga.

Miaka ilienda. Ulikuja wakati wa kupunguza wafanyakazi, kituo kikabaki na watu wawili, na Mzee Chibwana akastaafu akiniachia funguo na mwavuli wake. Nilimtembelea hadi mwisho. Siku alipokuwa hawezi tena kuinuka aliniuliza, "Baba Rajabu, sinia lina nini?" Nikamwambia, vumbi kidogo la miwa. Akaridhika. Mradi ulipofungwa, Daktari Neema alikuja kutuaga. Alisema vumbi la mabomu limeendelea kupungua mwaka hadi mwaka kwenye chupa zetu, na kwamba habari njema nazo lazima mtu azipime, hazijitangazi zenyewe. Kuhusu mbegu za watu, akasema, bado wanatafuta, na watakaokuja watatafuta. Nilipenda kwamba hakuongeza neno.

Mama Asia alitutoka akiwa mzee, na malori yalipanga mstari mazikoni. Asia naye alitutoka mwaka juzi, moyo. Hadi wiki ya mwisho aliniita Baba Rajabu, ingawa mji mzima ulishaniita Baba Mariamu. Nimemlaza upande wa mlimani, karibu na mwanawe. Mariamu ana watoto wake watatu, migongo imenyooka, midomo haifungi.

Sasa mna vifaa vinavyojisoma vyenyewe na kutuma habari hewani, na mimi sina ugomvi navyo, isipokuwa kwamba hamnawi tena mikono kabla ya kuvikaribia. Kipimamvua cha zamani mliniachia mimi, nadhani ili nisijisikie vibaya, na chupa yake ndogo bado ilikuwa inakwenda makao makuu kwa vipimo vingine. Mwezi wangu wa mwisho kazini ulikuwa wa tisa. Anga ya Kilosa ilikuwa nyeupe kama shuka, wala halikudondoka tone.

Siku ya kuondoka nilinawa. Nikakikaribia kipimamvua kutoka upande usio wa upepo. Nikaishusha chupa, nikaitazama kwenye mwanga, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: Hakuna mvua. Kisha nikakaza kizibo vizuri, kama vile imejaa.